Saa Iliyoolewa

Tarehe 12 Juni

Mwalimu wa kisomo cha kanisani kasema kila mmoja aandike habari zake, hata mstari mmoja kwa siku, mkono uzoee. Wenzangu wakalalamika hawana habari. Nikacheka. Mimi Melva, ninayekaanga samaki na kuuza mikate ya nazi hapo mlangoni kwa gati la mji wetu wa Bilwi, nikose habari? Habari zinanijia zenyewe, zinakaa kwenye benchi, zinaomba kahawa.

Haya, ya leo ndiyo hii: msimu wa kamba koche unafunguliwa mwezi ujao, na mume wangu Arlin kasema anarudi kuzama.

Tarehe 13 Juni

Hatusemeshani. Samaki wameungua.

Tarehe 14 Juni

Leo nina maneno, basi niyatoe. Mwezi wa pili Arlin aliletwa nyumbani kalazwa juu ya magunia. Alizama mitungi mingi ya hewa, akapanda juu haraka, miguu ikafa. Wazee wa hapa wakasema kapigwa na Liwa, yule bibi wa baharini mwenye kamba wake, ukichota bila kiasi anakuchapa. Daktari akasema ni hewa imeingia kwenye damu, ikatoa mapovu kama soda iliyotikiswa. Mimi sibishani na mtu. Awe Liwa, iwe soda, aliyekuwa akimgeuza kitandani ni mimi. Wakamfungia hospitalini ndani ya lile pipa kubwa la chuma wanaloshindilia hewa, wakamtoa, wakamrudisha, mpaka vidole vya mguu vikacheza. Sasa anatembea. Mguu wa kushoto unaburuza kama mtoto asiyetaka shule.

Nikamwambia, "Arlin, wewe hujapona."

"Nitazama taratibu."

"Hata mara ile ulisema taratibu."

"Melva, mimi najua kazi moja tu."

Hapo kasema kweli. Mwezi wa nne alijaribu kushona viatu. Viatu vya pasta viliachia soli mbele ya madhabahu, watu wanaimba.

Tarehe 17 Juni

Binamu yangu Hazel kapiga simu kutoka Corn Island. Yeye anapika kwenye duka linalozamisha watalii. Anasema watalii wote wanavaa kitu mkononi, kinajua umeshuka kiasi gani, umekaa kiasi gani, kinakwambia sasa panda, sasa subiri hapo hapo, sasa endelea. Nikamuuliza, "Na hawapigwi?" Akasema, "Dada, wanarudi wanaomba bia."

Nikaenda moja kwa moja kwa Arlin. Nikamwambia bila hicho kitu huendi. Nitalala mlangoni, ukitaka uniruke na huo mguu wako.

Kanitazama, kaona sitanii. "Kitafute basi," akasema.

Tarehe 18 Juni

Neno limeshapata miguu. Wifi yangu Lastenia, dada yake Arlin, kaja hajakaribishwa. Mume wake Onofre anazama boti moja na Arlin, hiyo Miss Orlinda ya Kapteni Wendell. Lastenia ni mtu wa kusimama, hakai, ili ukiona amesimama uone una makosa.

"Nasikia kaka yangu anavalishwa bangili," akasema.

"Siyo bangili, wifi. Ni saa ya kuzamia."

"Baba yetu alizama na mikono mitupu."

"Na alizeeka na magongo mawili. Wewe mwenyewe ulikuwa unamfunga kiatu."

Akaondoka. Alichukua mkate mmoja lakini.

Tarehe 20 Juni

Pale sokoni kuna jamaa kaniletea saa, kasema inaingia majini mpaka basi. Inapima mapigo ya moyo na inahesabu hatua unazotembea. Nikamuuliza, kaka, mume wangu chini ya bahari atatembea hatua ngapi? Kwenye boksi pana picha ya mtoto kwenye bwawa la hoteli. Nilipomsimulia Hazel alicheka mpaka simu ikakatika.

Tarehe 21 Juni

Mvua. Nguruwe wetu wawili wamepata mnunuzi, ndiyo pesa ya saa.

Tarehe 25 Juni

Tumefika Corn Island na boti la mizigo. Nilitapika njia nzima, Arlin anakula machungwa pembeni yangu.

Mwenye duka anaitwa Mister Rudel, mrefu, mkavu kama mpini, anasema Kikrioli kile cha kwao ila tunaelewana. Ana kompyuta za mkononi alizowahi kuwakodisha watalii, sasa anazibadilisha, hizo za zamani anaziuza. Akazipanga mezani tatu. Nikamwambia hizi saa ni nzuri. Akasema, "Siyo saa, mama. Ni kompyuta." Nikaitikia kwa heshima. Kompyuta mimi naijua, iko benki, ina televisheni yake na msichana anayekununia. Hii ina mkanda, inavaliwa kwenye kifundo cha mkono. Ni saa.

Ya kwanza nyekundu, wembamba wa biskuti, kioo chake kinawaka rangi zote kama taa za sherehe ya Bikira Maria. Inaongea na simu, inachora hata ramani. Mimi moyo ukaenda pale pale. Na Arlin naye nikamwona kajivalisha, kanyoosha mkono, anajitazama kwenye dirisha. Watu wazima wawili tumependa kitu kwa sura.

Ya pili ina mwenzake, kidude kinachofungwa kwenye mtungi, halafu mkononi unasoma mpaka hewa iliyobaki. Arlin akauliza, "Na nikibadilisha mtungi?" Mister Rudel akasema unakifungua, unakifunga kwenye mtungi mwingine. Arlin akacheka kwa pua. Kwenye Miss Orlinda mitungi inabadilishwa ndani ya mtumbwi, mawimbi yanapiga, mikono ina utelezi wa kamba. Kidude kile kingekuwa chakula cha samaki siku hiyo hiyo.

Ya tatu, Mungu anisamehe, mbaya. Nene kama kisosi cha kikombe, ya kijivu, imekwaruzwa, ina vitufe viwili tu na kioo kisicho na rangi. Nikasema hii hapana.

Hapo Hazel, aliyesimama mlangoni na mwiko wake, akasema, "Dada, usiolee sura. Mpime."

Basi tukampima. Niliomba beseni, nikamwaga maji, nikatia kahawa mpaka yakawa meusi kama huko chini wanakozamia. Tukazitumbukiza zote. Arlin akavaa miwani ya kuzamia na zile glavu zake za kushikia kamba, akainama.

"Soma hiyo nyekundu."

"Naona sherehe."

"Namba je?"

"Namba zipo, ni vibibi vidogo vimekaa pembeni."

Arlin ana miaka arobaini na sita. Biblia anaisomea uani, mkono umenyooka. Nikamwambia soma ya kijivu. Akaisoma yote, mpaka na dakika, bila kukunja uso. Vitufe vyake alivibonyeza na glavu. Ile nyekundu ilimgomea, inataka kidole kitupu, kikavu, kama bi harusi.

Mister Rudel akasema zote zinapiga kelele ukikosea. Akaibonyeza moja ikalia nyuma ya kichogo cha Arlin. Arlin hata hakugeuka. Masikio yake yalipasuka zamani, mimi mwenyewe kumwita kula mpaka nimrushie kitambaa. Lakini ile ya kijivu ina taa nyekundu ubavuni, ikilia na taa inawaka, inazima, inawaka. Arlin akaiona hata ikiwa ndani ya kahawa.

Tena ile nyekundu inachajiwa kila siku, na kwenye boti umeme ni wa taa na redio ya kapteni. Ya kijivu inakula betri ya mviringo kama peremende, unaifungua kwa sarafu, unaweka mpya, yamekwisha.

Nikamwuliza Arlin, "Unaonaje?"

Akaitazama ile nyekundu kwa mara ya mwisho, kama mtu anayeaga. "Nimeoa kwa macho mara moja," akasema. "Nilibahatika. Tusijaribu tena."

Tukachukua mbaya. Mister Rudel akamfundisha mpaka jioni: hii namba ni kina, hii ni dakika zako, ikifika sifuri umechelewa, huu mstari ukijaa unapanda kwa pupa, punguza. Alipotufungia akamshika Arlin bega, akasema, "Hii ni ya mtu mmoja. Ni yako wewe." Tukamshukuru sana kwa maneno mazuri.

Tarehe 1 Julai

Msimu umefunguliwa. Pasta kaombea maboti. Miss Orlinda imeondoka ikiwa imejaa mitumbwi mgongoni kama kaa mwenye watoto. Arlin alipunga ule mkono wenye saa, nadhani makusudi.

Tarehe 2 Julai

Nimeuza mikate yote. Sikujua ninauza nini.

Tarehe 6 Julai

Joto. Mke wa fundi barafu kamhama mumewe, karudi, kamhama tena, na leo bado ni asubuhi.

Tarehe 14 Julai

Wamerudi. Arlin kashuka mwenyewe. Kala sahani mbili za wali na maharage ndipo akasema. Anasema saa ni msumbufu. Akiwa chini, kamba anawaona wamekaa kwenye mwamba kama waumini, ile taa inawaka, inabidi awaache. Akipanda, inamwambia simama hapo, ananing'inia kwenye kamba ya mtumbwi, hana la kufanya, anaimba nyimbo za kanisa kichwani. Kazama mitungi michache kuliko wote.

"Na mguu?"

"Mguu ni ule ule. Haujazidi."

Sijasikia maneno matamu kama hayo toka anichumbie.

Lakini gatini wanamcheka. Wanamwita Bwana Saa. Na Kapteni Wendell, yule mwanamume aliyetengenezwa kwa chuma kilichobaki kwenye nanga, kamwambia mbele ya watu kwamba boti lake siyo shule, hakuna kengele.

Tarehe 16 Julai

Lastenia kapita. Onofre wake ndiye aliyeleta kamba wengi kuliko wote. Alinitajia mara tatu, mara ya tatu nilikuwa nimeshageuka.

Tarehe 18 Julai

Wameondoka tena. Mvua imeanza ile ya kukaa.

Tarehe 23 Julai

Mvua.

Tarehe 24 Julai

Mvua. Kuni mbichi, moshi, nimelia kama mfiwa na sijafiwa. Mungu apishie mbali.

Tarehe 31 Julai

Wamerudi wazima, na habari ya kunifurahisha. Onofre kaanza kuitamani saa. Anasema bega lilikuwa linamuuma usiku, akafikiria. Wamekubaliana yeye na Arlin: asubuhi anavaa Arlin, wakishakula cha mchana anavaa Onofre. Mtu na shemeji yake, nipe nikupe, kama tunavyofanya kwetu siku zote. Ukipika kwangu leo, kesho napika kwako. Kitu kikae mkononi kwa mtu mmoja kutwa, mwingine anakitazama tu, ni uchoyo.

Nimewasimulia watu wote benchini. Hata Lastenia leo alikaa. Alikaa kabisa, akanywa kahawa, akasema, "Wifi, ile bangili yako kumbe ina maana."

Nikasema moyoni, kumbe huyu mwanamke ana uso mzuri akiwa amekaa.

Tarehe 6 Agosti

Wameondoka safari ya tatu. Lastenia na mimi tumewasindikiza pamoja, mwavuli mmoja.

Tarehe 10 Agosti

Nimekata nywele. Hakuna aliyeona.

Tarehe 13 Agosti

Naandika kwa haraka, mwalimu atanisamehe herufi.

Asubuhi Hazel kanipigia tu kusalimia. Nikawa namsifia mambo, unajua mdomo wangu. Nikamwambia ile saa mbaya sasa inasaidia familia mbili, Arlin asubuhi, Onofre mchana. Hazel hakungoja nimalize.  Nikasikia anaita, simu ikachukuliwa na Mister Rudel.

"Mama, nani anavaa ile kompyuta?"

"Wote wawili. Wanagawana kama watu waliolelewa vizuri."

"Huyo wa mchana, asubuhi anapumzika?"

"Apumzike kwa nini? Anazama."

"Bila kitu mkononi?"

"Si kiko kwa mwenzake."

Akavuta pumzi. Akaniambia taratibu, kama anayemweleza mtoto njia ya dukani. Ile haihesabu bahari, inahesabu mtu. Kila anapozama, inaweka kumbukumbu ya hewa iliyomwingia mwilini na muda aliopumzika. Asubuhi imemhesabu Arlin. Mchana ukimvalisha Onofre, yenyewe haijui mkono umebadilika, inadhani ni Arlin yule yule aliyezama kidogo. Inamwambia Onofre una dakika nyingi, na yeye dakika zake alishazimaliza asubuhi bila kujua.

"Na Arlin mchana?" nikamuuliza.

"Mchana anazama kipofu. Na kesho yake asubuhi inamhesabu vibaya. Mama, niliwaambia ni ya mtu mmoja."

"Nilidhani unatusifia," nikasema.

Ndugu zangu, saa ni saa. Ukivaa wewe ni saa tatu, nikivaa mimi ni saa tatu. Nani angefikiri kuna saa inayomjua mtu?

Niliacha karai motoni. Nilikimbia mpaka kwenye kibanda cha redio, kwa Brígida, anayeongea na maboti. Njiani nikamkuta Lastenia, akanifuata akidhani kuna ugomvi, hapendi kupitwa.

"Brígida, niitie Miss Orlinda."

Akaita. Akaita tena. Wako mbali, kule kwenye visiwa vidogo vya mwisho, na mawingu yamekaa katikati. Ikaitika boti ya barafu iliyoko nusu njia. Brígida akasema hao watawapa wengine, wengine watawapa Miss Orlinda. "Sema kifupi, Melva. Redio siyo baraza."

Nikashika kile kipaza sauti, nikasema, "Mwambieni Arlin, mke wake anasema saa asimpe Onofre. Asimpe kabisa. Ile inaujua mwili wa Arlin peke yake."

Lastenia akanivuta bega nikageuka nusu. "Unamnyima mume wangu saa? Tena kwenye redio, bahari nzima isikie?"

"Wifi, ngoja nikueleze."

"Nilijua tu. Nikasema yule hawezi kuwa mwema hivi hivi. Ulinifunika mwavuli, kumbe ulikuwa unatuhesabia."

"Lastenia, kaa chini."

"Sikai."

Nikamweleza akiwa amesimama. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, Onofre na asubuhi yake isiyohesabiwa. Nilipofika kwenye zile dakika za uongo, alikaa mwenyewe, juu ya kreti la samaki, maji ya barafu yakamlowesha sketi, hakujali. Akasema kwa sauti ndogo, "Bega. Lilikuwa linamuuma bega."

Kwenye redio tukasikia yule wa barafu akimpigia mwingine kelele: "Mke wa Arlin anasema saa ya Arlin inamjua Arlin tu." Mwingine akauliza, inamjua nani? Akajibiwa. Kikasikika kicheko. Tena sauti nyingine ya mbali, neno moja moja, halafu mkwaruzo, halafu hakuna. Brígida akaita mpaka sauti ikamkauka. Mvua ikaanza kupiga bati, hata kama wangejibu tusingesikia.

Ndiyo ujumbe wangu ulivyokwenda. Mimi ninajua maneno yanavyosafiri, ndiyo kazi yangu. Yakitoka mlangoni kwa gati ni kuku, yakifika kanisani ni ng'ombe. Kwa mara ya kwanza nimetamani watu wawe wanarudia neno kama walivyolisikia.

Tarehe 14 Agosti

Hakuna kitu. Redio inakwaruza. Lastenia kaja alfajiri, kanisaidia kukuna nazi.

Tarehe 15 Agosti

Hakuna kitu. Lastenia anakuna nazi vibaya, anaacha nyama nyingi kwenye kifuu. Sikumwambia.

Tarehe 16 Agosti

Wapo. Niandike hivyo kwanza, wapo.

Boti ya barafu imeingia asubuhi, na juu yake wamesimama watu wawili wasio wa boti ile. Lastenia aliwaona kabla yangu, akaangusha mbuzi ya nazi. Wote wawili wamesimama. Arlin kamshika Onofre kiunoni, lakini miguu ya Onofre iko chini yake, inafanya kazi. Tuliwapeleka moja kwa moja hospitali, daktari kamtazama Onofre, kamdunga sindano nyayoni kumpima, akasema, huyu kapigwa kidogo, kawahi. Wakamtia kwenye pipa.

Nje, kwenye ile benchi ya saruji, Arlin akatusimulia.

Walikuwa wanakula cha mchana. Onofre kamaliza, kanyoosha mkono kama kawaida, shemeji nipe saa. Arlin alikuwa tayari anafungua mkanda. Kapteni Wendell akatoa kichwa chumbani kwake, akapaza sauti, redio imeleta salamu kutoka Bilwi.

"Zikasemaje?" nikauliza. 

Arlin akaanza kucheka, akashindwa, akafuta macho. "Kasema: Melva anawaarifu kwamba saa ya Arlin imeolewa na Arlin. Mwanamume mwingine akiivaa, itamdanganya."

Lastenia akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Kwenye redio sikusema neno hata moja la hayo. Limepita midomo mitatu ya wanaume katikati ya bahari, limefika limeolewa.

Basi boti zima likalipuka. Wazamiaji wakapiga sahani. Wakamwambia Onofre, ondoa mkono kwa mke wa mtu. Mwingine akasema, mchana kweupe, tena mume yupo. Lakini Arlin anasema yeye hakucheka. Alikaa na lile neno, itamdanganya. Alikumbuka kuna asubuhi iliwaka taa mapema bila sababu, siku nyingine haikuwaka kabisa wakati mwili wake ulikuwa unamwambia inatosha. Akasema moyoni, kweli, hii imevurugwa, haijui tena imevaliwa na nani. Akafunga mkanda. "Shemeji, sikupi," akasema.

Onofre akanuna. Onofre akinuna ananuna kama mvua ya hapa. Akasema kama ni hivyo yeye hazami kwa ajili ya kuchekwa, akaingia kwenye mtumbwi wake akajilaza, kofia usoni. Na hapo alipokuwa amelala, ndipo mwili ukapata nafasi ya kusema. Bega kwanza. Halafu mikono ikajaa sisimizi. Halafu akataka kukojoa, akashindwa.

"Angezama mchana ule," Arlin akasema, akaushika mguu wake wa kushoto. 

Na Kapteni Wendell, ambaye nimemwita nanga kwenye karatasi hizi hizi, aling'oa nanga katikati ya siku nzuri ya kamba, wazamiaji wengine wakiwa wanalalamika, akakimbia kuikuta ile ya barafu. Alimfunika Onofre kwa blanketi lake mwenyewe. Alimwambia Arlin amsindikize, na Arlin akasema atapoteza safari, kapteni akajibu, "Nenda na mkeo." Arlin anasema hakujua anamsema saa au ananisema mimi.

Lastenia alisikiliza yote. Halafu akageuka, akanishika uso kwa mikono miwili, mikono inanuka nazi, na sikujua kama ananipiga au ananibusu. Hata yeye nadhani hakujua. Akaniacha, akaenda kusimama kwenye kioo cha mlango wa lile pipa.

Tarehe 17 Agosti

Onofre karudishwa ndani ya pipa. Kakojoa mwenyewe. Nimewahi kusikia habari nyingi hapo gatini, hakuna iliyopokelewa kwa shangwe kama hiyo.

Tarehe 18 Agosti

Nimempigia Mister Rudel. Kasema Arlin asiivae mpaka ipumzike, ikishasahau kila kitu ndipo ianze naye upya, na yeye mwenyewe apumzike vile vile. Nikamwambia anapumzika, namfungia mlango.

Tarehe 19 Agosti

Gatini sasa hawasemi tena Bwana Saa. Leo mke wa fundi barafu kaniuliza, eti hizo za kuolewa zinapatikana wapi. Wanawake wengine watatu wakasogeza benchi.

Tarehe 21 Agosti

Onofre katoka hospitali. Tulikuwa mlangoni mimi, Arlin na Lastenia na nguo zake safi. Alitoka anatembea polepole, kapungua, lakini macho yake ni ya Onofre, yanatafuta wa kumtania. Akamwona Arlin, akatazama mkono wake mtupu.

"Shemeji, mkeo yuko wapi leo?"

"Kapumzika nyumbani. Ulimchosha."

Onofre akacheka, akashika ubavu. Halafu akamgeukia Lastenia, uzito ukarudi usoni. "Na mimi nitafutieni mchumba," akasema. "Wangu peke yangu. Mkono mtupu siendi tena."

"Mchumba tumeshaanza kutafuta," Lastenia akasema. "Mimi na wifi tunakwenda Corn Island. Wewe unabaki. Wewe utachagua mwenye sura."

Akamvalisha shati. Akamfunga vifungo vyote, kuanzia chini mpaka kile cha shingoni, na jua lilikuwa kali, na Onofre akamwacha afunge.